Ligi ya ndege wa uani msimu wa tatu: ndege aliyetua kwenye mti wa jirani ni wa nani?

MwembeDodo (Mbezi, Dar), 22 Oktoba, 20:14

Wakuu habari za jioni, vuteni viti maana leo sitaki mizaha nataka haki.

Kwa wageni wa uzi huu, sisi ni watu wazima wenye familia na madeni ambao kila Oktoba tunashindana nani kaona ndege wengi zaidi akiwa uani kwake, kuanzia tarehe moja mpaka thelathini na moja saa sita usiku, aina sio idadi, yaani ukiona shore mia wanahesabika mmoja. Oktoba tumeichagua kwa sababu ndo wale wageni wa Ulaya wanaanza kushuka na mvua za vuli zinanusa nusa kwahiyo kila kitu kinaimba. Atakayeshika mkia anamnunulia bingwa kanga doti moja, na msimuulize tena kama ni kanga ndege au kanga nguo, hilo swali limeulizwa misimu miwili na halichekeshi tena.

Msimamo mpaka leo: Babu wa Usa River 58, mimi 57, msee wa Ngong 55, Bi Tanga 54, Bint Maskati 31, Minnesota 22.

Sasa lalamiko langu. Huyo ndege wa 58 wa Babu ni hondohondo, yule mkubwa mwenye mdomo kama kabebea mdomo mwingine juu. Sawa, Usa River wapo, sibishi. Ila picha aliyotuma nimeikuza mpaka simu ikachemka, hondohondo yule katua kwenye mkuyu, na Babu hana mkuyu! Mkuyu ni wa jirani yake! Sasa kama tunahesabu ndege wa viwanja vya watu basi mi nihesabu wa Selous kabisa. Naomba huyo ndege afutwe tuwe 57 kwa 57.

Kunguru_Hafugiki (popote), 20:19

Nna kuku 12, bata watatu na jogoo mmoja jeuri. Naingia nafasi ya ngapi?

MsafiriWaBando, 20:22

Napita tu ila naweka kambi hapa

Babu_wa_Usa (Usa River, Arusha), 20:51

Mjukuu wangu MwembeDodo, salamu hujatoa lakini nimeshaitikia, marahaba.

Huyo hondohondo alinguruma kwenye mkuyu ule kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka nimemaliza chai. Mabawa yake yakikata hewa unasikia mpaka jikoni, kama mtu anapiga pampu ya baiskeli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu, uani kwangu, na kikombe changu. Nimemuona kwa macho yangu. Sasa ulitaka nimwambie asogee mita nane aje atue kwenye kahawa yangu ndo ahesabike?

Msee_wa_Ngong (Ngong, Kenya), 21:03

Wasee, kwani nyinyi watu wa Bongo hamlali. Mimi naunga mkono MwembeDodo kwa sababu moja tu, Babu akipungua mimi nasogea.

Na niulize hapa hapa. Jana nilikuwa job tao, nikafungua kamera ya usalama kwa simu nione kama fundi wa geti amefika, nikaona kulukulu amekaa juu ya tangi la maji, kijani kabisa, akaruka nikaona ule wekundu wa mabawa. Ni uani kwangu, ni mti wangu, ni tangi langu, hata fundi ni wangu. Naandika 56?

Bi_Tanga (Muheza), 21:10

Wewe ulikuwa ofisini baba. Hapo aliyemuona ni fundi wa geti, yeye ndo aandike.

BintMaskati (Maskati, Oman), 21:34

Jamani wenzangu mnagombana kitu kishajibiwa zamani. Mimi ndege zangu naziingiza eBird, ile tovuti ya kuandikia ndege ya chuo cha Cornell kule Marekani ilioanza 2002, na mna humo orodha za uani za watu dunia nzima. Kanuni yao nyepesi: mtu ndo awe uani, siyo ndege. Ukiwa umesimama kwako, anaepita juu wako, alie kwa jirani wako, ulomsikia tu bila kumuona nae wako ilimradi una hakika wa sauti. Kwahivo Babu hondohondo wake halali, na msee wa Ngong kulukulu wake haramu.

Na mimi nna ombi langu. Nna hudihudi anakuja kila asubuhi kudona kwenye majani, na huyu katajwa kwenye Qur'an, ndie alomletea Nabii Suleiman habari za Sabaa. Nataka ahesabiwe mara mbili.

Kunguru_Hafugiki, 21:36

Jogoo nae katajwa kwenye Biblia. Aliwika.

MwembeDodo, 21:48

BintMaskati nakuheshimu sana dada angu ila hizo ni kanuni za wazungu wenye viwanja heka mbili. Huku kwetu viwanja mita 20 kwa 20, ukisema ndege wa jirani wahesabike basi mtaa mzima ni uani kwangu. Nashikilia hapohapo: ndege atue kwako au apite juu ya kwako. Wa mti wa jirani HAPANA.

Babu_wa_Usa, 22:15

Sawa. Nakubali hondohondo afutwe.

Ila wanaukumbi niwakumbushe, mwezi wa sita nilishuka Dar kwa matibabu ya macho nikamtembelea mjukuu wangu huyu pale Mbezi, akanipokea vizuri, nikala wali na samaki, Mungu ambariki mkewe. Baada ya kula tukakaa nje chini ya kivuli cha ule mwembe dodo ambao amejiita jina lake humu ndani. Nikanyanyua kichwa kuangalia shina. Shina sikuliona. Shina liko ng'ambo ya fensi.

Mwembe ni wa jirani. Kwake yameingia matawi mawili na kivuli.

Naomba atuambie kati ya hao 57, wangapi kawaona kwenye mwembe.

MsafiriWaBando, 22:16

😂😂😂😂 uuuwi

Msee_wa_Ngong, 22:18

Manze Babu umemaliza yeye. Nimewaamsha watoto nikicheka.

Bi_Tanga, 22:21

Ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

MwembeDodo, 22:58

Nimehesabu. 41.

Baada ya kutafakari kwa kina na kwa maslahi mapana ya ligi nimeona kanuni ya dada yetu wa Maskati ina mashiko. Mtu awe uani. Nafuta lalamiko, hondohondo wa Babu abaki. Tuendelee.

Minnesota_Baridi (Minnesota, Marekani), 23 Oktoba, 04:40

Nimeamka nakuta kurasa mbili. Huku kwetu majani yameshadondoka yote, asubuhi baridi inauma masikio, na ndege wa kiangazi wamefungasha, hao hao labda ndo mnawasubiri huko sijui. Hapana, nyie mnapata wa Ulaya, wa kwangu wanaenda kusini mwa Amerika. Nilichobakiwa nacho ni kale kanaitwa chickadee, kadogo kama limau na kofia nyeusi, hakaogopi mtu, na kadinali dume mwekundu kama nyanya akikaa kwenye theluji unasema ni taa. Wengine wote kindi kawafukuza. Kindi huyu nimemwekea mbegu kwenye kibanda cha juu ya mti wa chuma nikaupaka mafuta ya kupikia, akajaribu mara ya kwanza kateleza, ya pili kateleza, ya tatu akapanda juu ya paa la nyumba akaruka kutoka huko. Mbegu zangu za alizeti kilo tano kamaliza wiki.

Naona kabisa mwaka huu tena kanga nanunua mimi. Kuna ndugu yangu ana duka Kariakoo, ishaandaliwa.

Dada_Ubungo (Ubungo, Dar), 09:12

Naomba msaada kwa wajuzi, mimi mgeni nimeanza wiki iliyopita baada ya kuwasoma. Nimeweka mchele na chenga za mkate wamekuja shomoro na kunguru tu. Nifanyeje wengine waje? Kunguru wanatisha wenzao.

MwembeDodo, 09:30

Karibu Ubungo. Kunguru hao weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe takataka, wakasafisha, wakaona pazuri, wakavuka. Wanakula mayai na makinda ya wenzao. Kenya mwaka 2024 wakatangaza kabisa mpango wa kupunguza milioni moja. Usiweke mkate wala mabaki ya nyama, hapo unawaita wao. Weka ulezi au mtama kidogo kidogo ndani ya tundu lenye matundu madogo ambayo kunguru hapiti. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, hawali hivyo, wao panda maua yenye kikombe, hata mhina wa jirani wataufata.

Babu_wa_Usa, 10:05

Chakula ni sawa lakini maji ndo siri. Sikiliza mjukuu.

Chukua jerikani ya lita tano. Pasha sindano ya kushonea magunia kwenye moto, toboa tundu moja chini pembeni. Maji yakitoka kwa kasi chomeka njiti ya kiberiti mpaka yawe yanadondoka tone, unahesabu moja mbili, tone, moja mbili, tone. Itundike kwenye tawi. Chini yake weka mfuniko wa sufuria kubwa uliogeuzwa, ndani weka jiwe bapa, maji yasizidi nusu kidole. Ndege akiona maji yametulia anapita. Akisikia tone linadondoka na maji yanacheza anarudi. Kuna ndege hawashuki kwenye mbegu maisha yao yote lakini kwenye tone wanashuka. Mimi yule wa mkia mrefu rangi ya kutu, dume lake mkia kama utepe wa bibi harusi, nilimpata hivyo hivyo, anajirusha kwenye maji anatoka anajirusha tena, kama mtoto.

Maji mwaga kila siku usije ukafuga mbu. Na paka mfungie.

Dada_Ubungo, 10:11

Asante sana babu, shikamoo. Jerikani ninayo, paka sio wangu

Kunguru_Hafugiki, 10:13

Paka wa jirani ni wa jirani ila akiwa uani kwako ni wako, soma kanuni juu

Bi_Tanga, 24 Oktoba, 06:37

Wanangu mtanisamehe naandika haraka nina uji motoni. Tangu juzi sikusema maana nilitaka nihakikishe. Nimewekewa na mjukuu ile apu ya kusikiliza sauti za ndege, unashika simu inaandika majina yenyewe. Jana na leo alfajiri nimekaa kwenye baraza ikaandika furukombe, ikaandika kekeo yule wa mvua, ikaandika hondohondo mwenye taji, na ndege mmoja wa usiku. Wanne wapya kwa dakika kumi. Kwahiyo nilikuwa 54 sasa ni 58. Naongoza na Babu.

Msee_wa_Ngong, 06:50

Bi Tanga heshima yako lakini furukombe ni ndege wa maziwa na mito. Huko Muheza uani kwako kuna samaki?

BintMaskati, 07:02

Na wote wanne upande mmoja au kila mmoja na upande wake?

Bi_Tanga, 07:20

Upande mmoja. Kwenye mlimau.

MwembeDodo, 07:21

Wote wanne kwenye mlimau mmoja 🤔 mlimau una ghorofa?

Babu_wa_Usa, 07:44

Binti yangu, nenda pole pole kwenye huo mlimau na usiende na simu. Angalia chini, kwenye giza la majani, sio juu.

Bi_Tanga, 25 Oktoba, 06:58

Nimeona aibu kuandika lakini dini haitaki uongo.

Nimeamka saa kumi na moja na nusu nikakaa kwenye ndoo nyuma ya banda, mlimau uko hatua sita mbele yangu. Kukaanza kupambazuka. Furukombe akalia. Ule ule mlio wa Ziwa kabisa, ila mdogo, kama redio iliyopunguzwa sauti. Halafu kekeo. Halafu hondohondo. Nikatulia, macho yakazoea giza, nikamuona mmoja tu, tumbo na kichwa rangi ya chungwa iliyoiva, mgongo wa bluu ya moshi, jicho jeusi kubwa, mkia anautikisa taratibu. Kurumbiza. Koo linacheza, mdomo haufunguki sana, na mle mle ndani ya koo hilo moja wanatoka wote. Nikajisemea labda nimekosea. Akaniangalia, akapiga mluzi. Mluzi wa mume wangu anaomwitia mbwa! Mbwa akatoka bandani anakimbia.

Haya. Nafuta wanne, naongeza kurumbiza mmoja ambaye sikuwa naye. Nipo 55. Ndege mwigo hana mazoea, bibi yangu alikuwa akisema na mimi nilidhani anasema watu.

Msee_wa_Ngong, 07:15

Mbwa pia alidanganywa kwa hivyo usijilaumu. Hapa Nairobi tuko na ndugu yake kurumbiza mwenye nyusi nyeupe, fundi wa kuiga vile vile. Mimi nilifundishwa kumtambua kwa yale matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yale ya kuanzia pale Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno 1971. Huko ukisema umesikia ndege watu wanakuuliza polepole, umesikia ama umemwona. Ukisema umesikia wanatulia kwanza.

Kwa hivyo bibi sisi wawili tuko sare 55. Na mimi nimekubali kulukulu wa kamera amekufa.

MsafiriWaBando, 07:20

Kwahiyo yule mbwa nae anatumia apu

Dada_Ubungo, 08:01

Babu!! Jerikani imefanya kazi! Nimepata chozi kifua chekundu, amekuja ameoga kwenye jani lenye tone sio hata kwenye mfuniko. Nimepiga picha imetoka jani tu ila nilikuwepo

MwembeDodo, 26 Oktoba, 03:20

Naandika saa tisa usiku nikiwa macho kodo. Nimefika 58, Babu tuko sawa, na gharama nimelipa.

Wiki nzima nilikuwa nasikia mlio usiku, ti-ti-ti-tii-tii-tiii unapanda halafu unashuka kama mtu kakata tamaa. Mke wangu akasema ni mambo ya watu, usitoke. Jirani wa nyuma nae akasema ni mambo ya watu na anajua ya nani. Mi nikasema huyo ni chekeamwezi na lazima nimuone kwa macho maana sitaki kesi ya mlimau.

Saa nane leo ukalia karibu kabisa. Nikatoka na bukta, darubini shingoni, tochi mfukoni. Nyuma ya nyumba nina msingi wa chumba ambao umekaa miaka mitatu unasubiri hela. Nikamulika taratibu kwenye zege. Akawa pale. Amesimama kwa miguu mirefu myembamba yenye goti linaloonekana kama limewekwa nyuma mbele, rangi ya mchanga yenye michirizi, na jicho, jamani lile jicho, la njano, kubwa kuliko kichwa kinavyostahili, halipepesi. Alifikiri kuwa nikimuangalia na yeye akikaa kama jiwe basi ntaamini ni jiwe. Tukakaa hivyo labda dakika mbili mi na yeye, wote tunajifanya.

Ndo nikasikia nyuma yangu "simama hapo hapo!" Vijana wa ulinzi shirikishi wanne wako nje ya fensi na tochi zao.

"Kijana hiyo darubini unamchungulia nani?"

"Nachungulia ndege."

"Saa nane usiku? Ndege ya wapi, ya Dubai?"

Nikawaambia ni ndege wa manyoya, ameshasimama pale kwenye msingi. Wakamulika. Hayupo! Mlio tukausikia kwenye paa la jirani, tii-tii-tiii, na wale vijana wanne wenye marungu wakarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja. Mmoja akasema kaka sisi tunaendelea na doria upande ule.

Asubuhi nimeitwa kwa mjumbe kujieleza.

Kunguru_Hafugiki, 06:12

Mwambie mjumbe ni kanuni ya eBird

BintMaskati, 06:30

Nimecheka mpaka mume wangu kauliza nnasoma nini. Chekeamwezi mbwa weee, jina lake tosha. Mimi leo nimepata cherere wa kijani anaekula nyuki juu ya waya na nimefika 34, lakini hayo hayana nguvu tena mbele ya mjumbe.

Babu_wa_Usa, 28 Oktoba, 05:55

Mjumbe amesemaje?

MwembeDodo, 07:10

Kanisikiliza vizuri tu, kumbe utotoni kwao Kilwa walikuwa wanamsikia. Akaniandikia kwenye daftari "anaangalia ndege, asisumbuliwe, avae nguo."

Babu_wa_Usa, 07:32

Mjumbe mwenye busara. Basi na mimi nina habari. Usiku wa kuamkia leo bundi amekaa juu ya paa langu, upande wa chumba cha kulala. Bibi yenu ametoka na fagio, anataka tumfukuze kabla hajamtaja mtu. Nikamwambia mama, huyu ni wa 59. Akaniuliza 59 ndo nini, nikamwambia ni kanga. Akanyamaza, akaketi kitandani, akasema basi aimbe amalize aende. Akaimba. Mwingine akamjibu kutoka kwenye mkuyu.

59.

Msee_wa_Ngong, 07:40

Babu umeoa vizuri.

Mimi nimekwama 56 baada ya kuongeza mbwigu, na huyo nilimdharau mwezi mzima kwa sababu yuko kila siku kwa waya. Ametundika panzi watatu na mjusi mmoja kwenye miba ya senyenge yangu, wamepangwa kwa laini. Mtoto wangu anaita hapo bucha.

MwembeDodo, 29 Oktoba, 16:47

Saa kumi jioni mawingu yamekaa upande wa Kibaha, nipo nasuuza gari nikasikia prruu prruu juu kabisa. Keremkerem wa Ulaya! Kundi la arobaini hamsini hivi wanapita kuelekea kusini wanazunguka kama majivu, jua likiwapiga koo la njano linawaka. Nimewaacha maji yanamwagika. 59!!! BABU 59 KWA 59!!!

Bi_Tanga, 17:02

Bomba umefunga?

MwembeDodo, 17:40

Sasa hivi nimefunga.

Babu_wa_Usa, 31 Oktoba, 21:15

Siku ya mwisho. Nimekaa kwenye stuli tangu alfajiri. Amekuja kila mtu ninayemjua na hakuna mgeni hata mmoja. Kuzumburu wamemaliza papai lote, wananing'inia kama wamefungwa kamba. Mjukuu vipi huko?

MwembeDodo, 21:20

Huku pia hamna. Tipitipi kaimba kama chupa inamwagwa, mvua ikaja kweli, na mi nimelowa bure. Tumetoka sare.

Minnesota_Baridi, 21:44

Mimi nimemaliza na 25, kwahiyo doti ni yangu kununua kama kawaida. Sare inakuaje? Sinunui mbili.

Bi_Tanga, 21:50

Mwanangu doti ina vipande viwili. Kata katikati, kimoja kiende Usa River kimoja Mbezi.

Babu_wa_Usa, 21:58

Bibi yenu anasema kipande kimoja kinamtosha, alishahesabu kuwa hatapata chochote.

Mwenye_Mwembe (amejiunga leo), 22:26

Habari zenu. Nimetumiwa huu uzi na mwanangu anayesoma chuo, akaniuliza baba huyu si jirani yetu. Nimesoma kuanzia juu.

Kwanza mwembe ni wangu, niliupanda 1994 kabla fensi haijajengwa. Pili sina kinyongo, embe zinazodondokea kwake ale. Tatu naomba nami niandikwe msimu ujao maana naona ndege 41 walikuwa wangu.

Nne nina swali. Upande wangu wa mwembe, tawi la chini linalotazama bafu langu, kuna kiota kama soksi ndogo kimeshikwa na utando wa buibui. Kale kachozi ka kike kanalisha mtoto mmoja ambaye ni mkubwa kumzidi, yaani mama akitaka kumlisha anasimama mgongoni kwake. Mtoto ana mistari mistari. Nilidhani ni kinda la kunguru limemeza wenzake. Ni nini hiki?

MwembeDodo, 22:28

Mzee shikamoo. MZEE HUYO NI KEKEO!! Toto la kekeo! Mama yake katagia kwenye kiota cha chozi kaenda zake, kinda likianguliwa linawatoa wenzake, chozi analea hajui! Mi sijawahi kuona kwa macho, miaka yote hii! Yupo sasa hivi?

Mwenye_Mwembe, 22:30

Yupo kalala, kaziba mlango wa kiota kwa mwili. Nammulika kwa tochi ya simu kwa mbali.

Babu_wa_Usa, 22:31

Kwa jirani sio uani kwako mjukuu. Mtu ndo awe uani. Uliyakubali tarehe 22 saa tano kasoro dakika mbili.

MwembeDodo, 22:49

Babu nipo kwenye ngazi juu ya fensi, mguu mmoja kwangu mmoja kwa mzee, namuona vizuri kabisa mgongo wenye mistari na mdomo umefunguka usingizini. Bado saa moja na dakika kumi na moja. Hii mnaihesabuje?